"Tuyamalize kiutu uzima": suluhu ya kirafiki Buzuruga inamfaa nani?

Buzuruga ni kata ya Manispaa ya Ilemela, kandokando ya barabara kuu inayotoka katikati ya Mwanza kwenda Musoma. Wasafiri wengi wanaijua kwa stendi yake, kwa kelele za makondakta na kwa bodaboda zinazogombea abiria. Nyuma ya stendi kuna mitaa, na ndani ya mitaa kuna mipaka. Upo mpaka wa ukuta, upo mpaka wa choo kilichojengwa hatua mbili ndani ya kiwanja cha jirani, upo uchochoro ambao mtu ameuziba kwa tofali, na upo mfereji wa maji ya mvua ambao kila mwenye nyumba anataka upite kwa mwenzake. Ugomvi wa aina hii huanza kwa majirani kuacha kusalimiana. Ukikomaa unafika ofisi ya serikali ya mtaa, na hapo mtu mzima mmoja husema maneno ambayo karibu kila Mtanzania ameyasikia: "Jamani, tuyamalize kiutu uzima."

Maneno hayo yana ndugu zake. Tuyamalize kifamilia. Tuyajenge kirafiki. Tusifikishane mbali. Yaishe. Husemwa misibani watoto wa marehemu wanapoanza kutazamana vibaya, husemwa polisi baada ya pikipiki kugonga mkokoteni, na husemwa mwaloni wavuvi wanapogombania nyavu. Mara nyingi msemaji ana nia njema kabisa. Anajua wagombanaji hao watakutana kesho kwenye bomba la maji, na kwamba mtoto wa mmoja akiugua usiku, mwenye bajaji wa kumkimbiza Kituo cha Afya Buzuruga huenda akawa huyo huyo wanayegombana naye leo.

Kwa mambo ya ardhi, usemi huo wa mtaani sasa una nguvu ya sheria. Bunge lilifanya marekebisho mwaka 2021 katika Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, Sura ya 216. Kabla ya hapo Baraza la Kata lilikuwa mahakama ndogo: lilisikiliza mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3 na kuamua nani mwenye haki. Marekebisho yaliliondolea mamlaka hayo ya kuamua. Kazi iliyobaki ni kupatanisha. Zaidi ya hayo, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya haliruhusiwi kusikiliza shauri la ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limejaribu kuwasuluhisha wahusika kirafiki na limeshindwa.

Maana yake kwa mkazi wa Buzuruga ni nzito. Hata kama ana hati ya mauziano iliyogongwa muhuri, hata kama mashahidi wake wote wako hai, hawezi kuanzia wilayani. Ni lazima kwanza aketi na mtu anayemtuhumu kumnyang'anya kiwanja na ajaribu kuelewana naye mbele ya wajumbe wa kata. Urafiki umewekwa kuwa mlango wa kwanza wa haki, na kila mwenye shauri lazima aupitie.

Uamuzi huo wa Bunge ulikuwa na sababu. Hukumu nyingi za mabaraza ya kata zilikuwa zikifutwa zilipokatiwa rufaa, na kosa mara nyingi lilikuwa la utaratibu: wajumbe hawakutimia, majina yao hayakuandikwa, mwanamke hakuwepo katika kikao, au aliyesikiliza siku ya kwanza siye aliyeamua siku ya mwisho. Watu walipoteza miaka mitano au zaidi, wakaambiwa waanze upya. Wajumbe hao si wanasheria. Ni wakazi wa kawaida waliochaguliwa katani, wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kuwataka waandike hukumu inayoweza kusimama mbele ya majaji kulikuwa ni kuwabebesha mzigo ambao hawakuandaliwa kuubeba. Kuwarudisha kwenye upatanishi, kazi ambayo Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 iliitaja tangu mwanzo kuwa ndiyo yao ya msingi, lilikuwa jambo la busara.

Tatizo liko kwingine. Neno "kirafiki" linapoingia katika sheria, lazima mtu aulize ni urafiki wa nani na nani. Majirani wawili wenye umri sawa, kipato sawa na ukoo mkubwa sawa wanaweza kuketi wakapatana, na suluhu yao ikawa tamu kwa wote wawili. Lakini mjane anapoketi mbele ya shemeji zake wanne, au mpangaji mbele ya mwenye nyumba, au mgeni aliyehamia juzi kutoka Ukerewe mbele ya mzee aliyezaliwa mtaani hapo, ombi la kumaliza kirafiki lina uzito tofauti kwa kila upande. Kwa mmoja ni ombi. Kwa mwingine ni amri iliyosemwa kwa upole.

Usukuma una mapokeo marefu ya upatanishi, na si haki kuyataja kwa ubaya tu. Kabla ya serikali kufuta utawala wa watemi mwaka 1963, mashauri mengi ya kijiji hayakufika kwa mtemi. Yalimalizwa na banamhala, yaani wazee, waliokaa na pande zote mbili, wakasikiliza hata yale yasiyohusika na shauri, kwa kuwa ugomvi wa mpaka wa leo unaweza kuwa umetokana na mahari ya miaka kumi iliyopita. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alizikusanya sheria na desturi za Wasukuma katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953, na kinachoonekana humo ni jamii yenye kanuni za kina kuhusu ng'ombe, ndoa, urithi na mashamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi, wananchi wa Usukuma na Unyamwezi walijiundia sungusungu, ambao wenyewe walijiita basalama, watu wa amani. Ukimkuta mzee wa Kisukuma leo ofisi ya kata, ataanza na "mwangaluka" kama ni asubuhi au "mwadila" kama ni mchana, atauliza hali ya nyumbani, na hatagusa shauri mpaka kila mtu ameitikia. Hiyo ni kazi ya upatanishi tayari imeanza. Mtu aliyesalimiwa vizuri husikiliza tofauti na mtu aliyeitwa kwa barua yenye muhuri.

Lakini mapokeo hayo yana upande wa pili, na mwandishi anayeipenda Mwanza hana budi kuutaja. Sungusungu walikuwa na adhabu ya kumtenga mtu: haongei na mtu, hapewi moto, hasaidiwi msibani. Mtu aliyetengwa hivyo hukubali suluhu yoyote atakayopewa. Na kwa miongo mingi mikoa ya Mwanza na Shinyanga imeripotiwa kwa mauaji ya wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi. Watetezi wa haki za binadamu wamebainisha mara kwa mara kwamba nyuma ya baadhi ya tuhuma hizo palikuwa na ugomvi wa shamba au urithi. Kijiji kizima kinaweza kukubaliana, kwa amani na utulivu, kwamba bibi mmoja hastahili shamba lake. Makubaliano ya namna hiyo hayana urafiki wowote ndani yake, hata kama yamefikiwa chini ya mti na wazee wenye mvi.

Mfano mkubwa wa jambo hili uliamuliwa Mwanza penyewe. Bibi mmoja wa Muleba, ng'ambo ya ziwa, alirithi ardhi ya baba yake kwa wosia. Alipozeeka akakosa wa kumtunza, na mwaka 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake alikwenda Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba mauzo hayo ni batili, kwa kuwa mila za Wahaya, zilizokuwa zimeandikwa na kutangazwa na serikali mwaka 1963, zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini zilimkataza kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilimpa mpwa ushindi. Mahakama ya Wilaya ikageuza uamuzi. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akasema kwamba mila inayompa mwanamume haki ya kuuza na kumnyima mwanamke inapingana na Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984. Tangu hapo kesi hiyo ya Ephrahim dhidi ya Pastory imesomwa katika vyuo vya sheria ndani na nje ya Afrika.

Jiulize: shauri hilo lingeishia wapi kama lingemalizwa kifamilia? Wazee wa ukoo wangeketi. Wangemwambia bibi kwa sauti ya upendo kwamba mpwa ni mtoto wake, kwamba ardhi ya ukoo haiendi kwa mgeni, kwamba arudishe fedha na mambo yaishe. Hakuna ambaye angemtukana. Pengine wangechinja mbuzi. Na bibi angebaki na uzee wake, bila mtunzaji, bila fedha, na bila uwezo wa kukifanyia chochote kile kilichokuwa chake. Haki yake ilipatikana kwa sababu alikuwa na mahali pengine pa kwenda baada ya kukataa.

Hapo ndipo makala haya yanaposimama. Suluhu ni ya kirafiki pale tu ambapo mnyonge wa pande mbili angeweza kuikataa na asidhurike. Kipimo hicho si cha vitabuni. Kinaweza kutumika kwenye benchi la ofisi ya kata jioni yoyote: mwenyekiti amuulize aliye dhaifu, akiwa peke yake, kama anajua kwamba akikataa shauri litaendelea wilayani, na kama yuko tayari kuendelea. Asipojua jibu la swali la kwanza, kukubali kwake hakuna maana.

Kenya waliliona hili walipoandika Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 159 inazitaka mahakama zihimize upatanishi, usuluhishi na njia za jadi za kumaliza migogoro. Papo hapo ibara hiyo inaweka mipaka: njia za jadi zisitumike kwa namna inayovunja haki za msingi, wala inayokwenda kinyume na haki na maadili. Wazee walipewa heshima yao na wakaonyeshwa mahali inapoishia.

Zanzibar inatoa funzo la aina nyingine, la kuandika. Vyama vya CCM na CUF vilitia saini muafaka mara mbili, mwaka 1999 na mwaka 2001, na mara zote mbili watu walishikana mikono mbele ya kamera. Sehemu kubwa ya waliyokubaliana haikutekelezwa. Novemba 2009 Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Ikulu na kuanza yale yaliyokuja kuitwa maridhiano. Safari hii makubaliano hayakuachwa kwenye kumbukumbu za watu wawili. Yalipelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66 wakayakubali, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaingizwa ndani ya Katiba ya Zanzibar. Baadaye kulikuwa na mtikisiko mkubwa, hasa baada ya uchaguzi wa 2015, lakini mlango ulikuwa umeshaandikwa na mwaka 2020 uliweza kufunguliwa tena.

Majirani wa Buzuruga hawahitaji kura ya maoni. Wanahitaji karatasi. Suluhu nyingi za mtaani huvunjika kwa sababu zimekaa vichwani: walikubaliana ukuta urudi nyuma, lakini kwa hatua za nani? Walikubaliana alipwe fidia, lakini lini, na asipolipa itakuwaje? Mwaka mmoja baadaye mwenyekiti amebadilika, shahidi mmoja amehamia Geita, na kila upande unakumbuka maneno yanayoupendelea. Karatasi yenye vipimo, tarehe, majina ya wajumbe waliokaa, sahihi au dole gumba la kila upande, na nakala kwa kila mmoja ingezuia ugomvi mwingi wa mara ya pili. Mchoro mdogo wa kiwanja unaoonyesha mti, jiwe au bikoni iliyotumika kama alama ungesaidia zaidi, kwa kuwa Mwanza ina mawe ambayo hayahami.

Mji wenyewe unazidi kuwafanya watu wagombane. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Mwanza una watu 3,699,872, na Ilemela peke yake ina zaidi ya 500,000. Manispaa hiyo ilizaliwa mwaka 2012 ilipotengwa na Jiji la Mwanza, na sehemu kubwa ya makazi yake ilikuwa imeota kabla ya ramani. Mtu alinunua kipande kwa mzee mwenye shamba, wakapima kwa hatua za miguu, wakapanda minyaa kuwa mpaka, basi. Leo wapimaji wa urasimishaji wanapopita na vyombo vyao, hatua za miguu za wakati ule hazilingani na mita za sasa, na nusu mita iliyokuwa haina thamani imekuwa ya kugombewa. Katika hali hiyo hakuna mahakama itakayotosha. Bila upatanishi wa kata, mabaraza ya wilaya yangezama.

Kwa hiyo ni jambo la kusikitisha jinsi upatanishi huu unavyoendeshwa kwa mikono mitupu. Mzigo wa kuyaendesha mabaraza ya kata uko kwa halmashauri, na katika kata nyingi nchini malalamiko ni yale yale: wajumbe hawalipwi posho ya maana, hawana ofisi yao, karatasi ananunua mlalamikaji. Hapo ndipo urafiki unapoharibika mapema. Anayelipia nauli ya mjumbe kwenda kukiona kiwanja ni nani? Ni mwenye fedha. Na mjumbe aliyepandishwa bodaboda na upande mmoja, akanunuliwa soda, anaanza usuluhishi akiwa na deni la shukrani. Si lazima awe mla rushwa. Ni binadamu.

Sheria yenyewe ina mambo mazuri ambayo wananchi wengi hawayajui. Kikao cha usuluhishi kinatakiwa kuwa na wajumbe watatu, na angalau mmoja wao awe mwanamke. Wakili haruhusiwi kusimama kwa niaba ya mtu katika baraza la kata, jambo linalomlinda asiye na fedha dhidi ya jirani mwenye wakili wa mjini. Lakini mhusika anaweza kuomba ndugu au mtu wa nyumbani kwake amsemee, na baraza linaweza kukubali. Bibi asiyejiamini kusema mbele ya watu anaweza kwenda na binti yake. Kuna pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao wanaweza kumweleza mtu haki zake kabla hajaingia kikaoni.

Ardhi si jambo pekee lililowekewa mlango wa aina hii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, wapite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi huanza kwa upatanishi katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mpatanishi ana siku 30. Mahakama nayo iliichagua mada ya usuluhishi kuwa kaulimbiu ya Wiki ya Sheria mwaka 2023. Nchi nzima imekubali kwamba kuelewana ni bora kuliko kushindana, na imekubali vizuri. Lakini katika ndoa hatari ile ile inajitokeza kwa ukali zaidi. Mke aliyepigwa anapoambiwa na baraza arudi nyumbani wakaongee kirafiki, anarudishwa mahali alipopigwa. Wajumbe wa mabaraza ya ndoa wanapaswa kufundishwa kutofautisha ugomvi wa fedha za matumizi na kipigo, na kuacha kutumia sauti ile ile ya upole kwa mambo yote mawili.

Madiwani wa Ilemela wanapopitisha bajeti, wana nafasi ya kufanya jambo dogo lenye faida kubwa: wawatengee wajumbe posho na nauli ili wasipandishwe bodaboda na mtu yeyote mwenye shauri, na wachapishe fomu moja ya Kiswahili ya makubaliano yenye nafasi ya vipimo, mchoro na nakala tatu. Makatibu wa mabaraza wafundishwe kuijaza. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na miaka ambayo familia hupoteza kwa kuanza upya.

Na mkazi wa Buzuruga, au wa kata nyingine yoyote, anayeitwa kesho kumaliza mambo kirafiki, aende. Asalimie, asikilize, aseme ukweli wake bila matusi, na kama wenzake wana hoja ya haki, awape nafasi ya kuitoa. Asitie dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa, na aombe nakala yake kabla hajaondoka. Akiona anabembelezwa kuachia kilicho chake, akatae kwa adabu na aombe cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Wakimcheleweshea, sheria imeshaliona hilo: siku 30 zikipita tangu shauri lilipofunguliwa bila suluhu, anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila cheti cha kata.